"Sista, nakufa eti?" Jibu kwa nesi anayekimbia kitanda cha mgonjwa aliye karibu kufa

*"Shikamoo mama. Mimi ni nesi, nina miaka miwili kazini, niko wodi ya wanaume hapa Mwanza. Shida yangu ni kifo. Mgonjwa akianza kubadilika tu miguu inanipeleka kwingine, nitaenda kuhesabu dawa, nitapanga mashuka, chochote ili nisikae pale. Mwezi uliopita tulikuwa na mzee wa Ukerewe, ini limeharibika kabisa. Usiku akanishika mkono akaniuliza 'sista, nakufa eti? Kijana wangu kapanda meli?' Nikamwambia hapana babu utapona, kesho daktari anakuja, lala. Nikaondoka. Kwenye saa kumi alfajiri akafariki, pembeni hamna mtu. Kijana wake kafika mchana akaniuliza baba kasema chochote, nikamwambia hapana, alikuwa amelala. Sijalia hata chozi ila kila nikipita kile kitanda moyo unashtuka. Wenzangu wanasema nitazoea. Je nina roho mbaya? Niache uuguzi? Kweli kuna mafunzo ya kifo au mtu anazaliwa nayo? Na kuongea kifo na mgonjwa si ndo kumchuria?"*

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kabla sijaenda mbali nikujibu lile linalokuuma zaidi: roho mbaya huna. Mwenye roho mbaya hashtuki akipita kitanda. Wewe una hofu, na hakuna aliyewahi kukaa na wewe akakuonyesha unaibebaje. Mi nimefundisha uuguzi miaka mingi na kazi yangu kubwa sa hivi ni tiba shufaa, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hauponi, kwa hiyo hilo pengo nalijua na sisi walimu tunahusika nalo. Chuoni tulikufundisha kuandaa mwili: kufunga taya kwa bandeji, kunyoosha mikono, kuandika jina kwenye plasta, kuita watu wa mochwari. Mgonjwa akishakufa unajua cha kufanya. Zile saa sita kabla hajafa tukaziruka.

Na mimi waliniruka hivyo hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa, mi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Siku zile sitazieleza zote hapa. Ninachotaka ujue ni kwamba baada ya mji mzima kuzika tukarudi darasani, mwalimu akaandika ubaoni somo la figo tukaendelea, hakuna aliyetuuliza kitu, na sisi kwa sisi hatukuulizana. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye bweni moja hakumaliza chuo, alisema tu kazi hii haimfai. Mpaka leo nikipita Igoma kwenye yale makaburi namkumbuka yeye pamoja na waliozama.

Sasa tuone miguu yako inapokupeleka stoo nini kinatokea. Mgonjwa anabadilika, pumzi inakuwa nyingine, moyo wako unaanza kudunda, mikono inatoka jasho. Unaondoka kwenda kuhesabu dawa. Ndani ya dakika mbili moyo umetulia, na akili yako imejifunza kitu: kuondoka kumeniokoa. Mgonjwa wa pili unaondoka mapema kidogo, wa tatu unaondoka akianza tu kukataa uji. Hofu haipewi nafasi ya kushuka yenyewe ukiwa umekaa pale pale, kwa hiyo kila unapokimbia inanenepa. Ndo maana hiyo "utazoea" ya wenzako mi siikubali. Wapo manesi wa miaka 25 kazini ambao hawajazoea kitu, wamekuwa tu wepesi wa kuondoka, na ukiwaangalia kwa nje utadhani ni ujasiri. Miaka peke yake haimfundishi mtu, kinachofundisha ni kile ulichokifanya ndani ya hiyo miaka.

Na usidhani ni wewe peke yako. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kuna mama anaitwa Isabel Menzies alichunguza hospitali moja kubwa London ambako wanafunzi wengi wa uuguzi walikuwa wanaacha mafunzo njiani. Alichokuta ni kwamba hospitali nzima ilikuwa imejipanga kukimbia, bila yeyote kukusudia. Kazi imekatwa vipande vipande ili nesi asikae na mgonjwa mmoja mda mrefu, mgonjwa anaitwa kwa kiungo na namba, "ini la kitanda cha 10", na kuna wagonjwa walikuwa wanaamshwa usingizini ili wapewe dawa ya usingizi kwa sababu ratiba ndo imesema. Menzies akasema ule utaratibu ulikuwa ukuta wa kuwakinga manesi na uchungu, alafu haukuwakinga, maana uchungu ulibaki ndani na raha ya kumhudumia mtu ikaondoka. Sikiliza ripoti ya asubuhi wodini kwenu utaniambia. Wewe mwenyewe umeniandikia "ini limeharibika" kabla hujanitajia kwamba babu wa watu alikuwa anamsubiri kijana wake. Sikulaumu, nakuonyesha tu tunavyojifunza kuongea.

Kuhusu kutokulia. Machozi hayapimi huruma, kuna watu wanalia na kuna watu mwili unaganda, wewe wako unashtuka ukipita kitandani, hiyo nayo ni huzuni. Mmarekani mmoja, Kenneth Doka, mwaka 1989 aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, mtu amefiwa ila hana ruhusa ya kuomboleza. Nesi ndo huyo. Ndugu wanapewa pole, wanakaa msibani, majirani wanaleta unga na maharage, matanga yanaanuliwa kwa utaratibu. Wewe unapewa mgonjwa mwingine kwenye kitanda kile kile, shuka jipya, ndani ya saa moja, na ukionekana umekaa kimya unaulizwa kama umemaliza kuandika faili.

Hofu ya kifo nayo si kitu kimoja, na ukijua yako ni ya aina gani utajua pa kuanzia. Mwaka 1994 Paul Wong na wenzake, Gary Reker na Gina Gesser, walitengeneza dodoso lenye sentensi 32 ambalo mpaka leo linatumika sana kupima manesi wanakionaje kifo. Kuna anayekiogopa, kuna anayekikwepa asikifikirie kabisa, kuna anayekiona ni sehemu tu ya maisha kama kuzaliwa, kuna anayekikubali kwa sababu anaamini kuna makazi mema mbele, na kuna anayekiona kama mlango wa kutoka kwenye mateso. Mtu mmoja anaweza kuwa na mchanganyiko. Nilivyokusoma, wewe unakwepa zaidi ya unavyoogopa. Mtu anayekwepa ukimpa mhadhara wa kumtuliza hautamsaidia sana, huyo anahitaji kukalishwa karibu taratibu, pembeni akiwa na mtu anayejua. Na lile la tano liangalie sana kwako na kwa wenzako: nesi aliyechoka akianza kusema "bora tu apumzike" kwa kila mgonjwa mahututi, ajiulize anayetaka kupumzika ni nani.

Nije kwenye kumchuria, maana hapa ndo wengi wetu tumekwama, si manesi tu, madaktari nao, ndugu nao. Mgonjwa aliyekuuliza "nakufa eti?" ameshajua. Mwili ni wake, tumbo limejaa maji, macho ya njano anayaona kwenye kioo cha simu, chakula hakipiti, na ameona watu wanavyonong'ona mlangoni. Huko California miaka ya 1960 watafiti Barney Glaser na Anselm Strauss walikaa wodini wakaielezea hali hii vizuri: mgonjwa anajua, nesi anajua, ndugu wanajua, na kila mmoja anaigiza kwamba hajui. Anayeumia zaidi kwenye maigizo hayo ni mgonjwa, kwa sababu anabaki na siri yake peke yake usiku. Kifo hakisikii kikitajwa kikaja. Na kwa heshima zote kwa mila zetu, nami nimelelewa humo humo, wazee wetu waliongea kifo kuliko sisi, mzee akijiona anaisha aliwaita watoto akagawa ng'ombe, akataja madeni, akasema azikwe wapi. Nani alisema amejichuria? Hii ya kuficha tumeizidisha sisi tulipowahamishia hospitali.

Ila na mimi niwe mkweli kwako, kazi yako haikuwa kumjibu "ndiyo babu unakufa". Kutangaza ugonjwa na kiasi cha mda uliobaki kwa mara ya kwanza ni kazi ya kufanya pamoja na daktari, kwa maandalizi, na si kila mgonjwa anataka kujua kila kitu. Swali lile mara nyingi ni mlango tu. Usiufunge kwa "utapona", wala usiuvunje. Vuta kiti, ukae, maana ukisimama mgonjwa anajua unaondoka, alafu uliza: "Babu, nini kimekufanya uniulize hivyo?" Nyamaza. Hapo ndo pagumu, sekunde kumi za kunyamaza unaweza kuziona kama zamu nzima, nyamaza tu. Atakwambia. Mwingine atasema nasikia mwili umekuwa mzito, mwingine atasema nimemuota marehemu mke wangu. Muulize kinachomtia wasiwasi zaidi. Wako alishakwambia bila kuulizwa, kijana wangu kapanda meli? Jibu lilikuwa "ngoja nimpigie simu sa hivi babu, niulize kafika wapi". Hilo nesi wa mwaka wa kwanza analiweza kama mtu amemwambia kwamba linaruhusiwa.

Kule chuoni huenda mlikaririshwa zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969, kukataa, hasira, kubembelezana na Mungu, huzuni, kukubali. Zijue, ila usimpangie mtu. Hazikuwahi kuwa ngazi za kupanda kwa zamu, mgonjwa anaweza kukubali asubuhi akawaka hasira jioni.

Alafu kuna vitu vinatisha kwa sababu tu havijawahi kuelezwa, na hili ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu kwanza, kabla ya mambo ya hisia. Mtu anapoisha kwa ugonjwa mrefu miguu inaanza kuwa ya baridi, baridi inapanda, kwenye ngozi yetu nyeusi yale mabaka yanayojitokeza magotini damu ikipungua mwendo huyaoni vizuri kwa hiyo tumia mkono wako kugusa na uangalie nyayo. Anakataa kula, na hapo ndugu wanaanza kumlazimisha uji kwa kijiko, waeleze kwa upole kwamba tumbo limeshafunga na ule uji utaingia mapafuni, wape pamba na maji safi walowanishe midomo, mkono wa ndugu unahitaji kazi ya kufanya. Pumzi inakwenda haraka, inapungua, inasimama kabisa sekunde 10, 20, unadhani kaisha, alafu anavuta tena. Kaa uhesabu, ukishahesabu mara tatu itakutisha kidogo kuliko mwanzo. Ule mkoromo wa koo ni mate ambayo hana nguvu ya kuyameza, kwa kawaida anakuwa ameshazama kwenye usingizi mzito na hauumii, wanaoumia ni wanaosikiliza. Mgeuze ubavu, inua kichwa kidogo, usimtumbukizie mpira wa kunyonya makohozi kila dakika. Na usiache kuongea naye: mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa walio karibu kufa ambao hawaitiki tena, wakakuta baadhi ubongo bado unapokea sauti. Kwa hiyo mambo ya kusema "huyu hamalizi leo" juu ya kitanda tuyaache kabisa.

Na hapa kwetu ziwani kuna sababu nyingine ya kuzijua hizi dalili mapema. Wagonjwa wetu wengi wanatoka visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome, na wengine vijiji vya Sengerema huko ndani. Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, ina saa zake, ziwa likichafuka nazo zinavurugika. Ukisubiri mgonjwa akate kauli ndo upige simu, ndugu atafikia mochwari. Nesi anayeweza kusoma miguu ya baridi saa nane mchana, akamwambia daktari, wakamwambia mke "mama, tunaona mwili umechoka sana, kama kuna watoto wanatakiwa kuja waje leo", huyo amefanya kazi ambayo hakuna dripu inayoifanya. Kijana wako yule alikosa kauli ya baba yake kwa masaa machache. Nalisema hili nikijua litakuchoma, ila nadhani unalijua tayari na ndo maana umeniandikia.

Maumivu nayo yanawafanya manesi wakimbie. Huwezi kukaa na mtu anayelia kama huna cha kumpa. Bado nakutana na manesi wanaoogopa mofini, wanaamini ndo inamaliza mgonjwa. Mofini ya maji ikipimwa vizuri na kupandishwa taratibu inaondoa maumivu, haiharakishi kifo. Wenzetu ng'ambo ya ziwa, Uganda, walianza mapema: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Baadhi ya hao waliobaki wako kwenye wodi kama yako, mikononi mwa manesi kama wewe.

Umeuliza kama mafunzo ya kifo yapo. Yapo, mtu hazaliwi nayo. Marekani tangu mwaka 2000 wana mpango mzima wa kuwafundisha manesi huduma ya mwisho wa maisha, na umesambaa nchi nyingi. Yanasaidia kiasi gani? Yanasaidia, ila inategemea yanavyofundishwa. Kukaa darasani kusikiliza kunaongeza maarifa, hofu yenyewe inashuka zaidi pale watu wanapofanya mazoezi: kuigiza mazungumzo yale, kusimulia kifo cha kwanza ulichokiona, kwenda wodi na mtu mzoefu alafu kukaa chini baadaye kuongea. Na hofu haiishi yote, mi bado moyo unanidunda, nimejifunza tu kubaki kwenye kiti. Kwa hiyo uliza kwanza hospitalini kwenu kama kuna timu ya tiba shufaa, omba kwa matroni uzunguke nao hata wiki mbili. Kama hakuna, mtafute nesi mmoja ambaye wagonjwa walio karibu kufa wanatulia akiwa zamu, kila wodi anakuwepo, mwombe akuchukue mkae wote na mgonjwa anayefuata. Anza na dakika tano, kesho kumi.

Kuna kitu kingine hakigharimu hata shilingi. Nesi mmoja wa dharura kule Virginia, Jonathan Bartels, alianzisha desturi kwamba mgonjwa akifariki, kabla mtu hajatoa kanula wala kuvuta skrini, wote walioko pale wanasimama kimya kama dakika moja kwa ajili ya mtu huyo. Kila mtu kwa imani yake, Muislamu na Mkristo wanasimama pamoja. Nimeijaribu na wanafunzi wangu, tunamtaja marehemu kwa jina, alafu tunaendelea. Na ukiandaa mwili uliza ndugu kwanza, kuna familia zitataka kuosha wenyewe, kuna watakaotaka padri afike, usiwapangie.

Kuhusu kuacha uuguzi: mi nakuomba usiamue sasa. Kuhama wodi inaruhusiwa, si aibu, wakati mwingine mtu anahitaji kupumua miezi sita leba au kliniki ya watoto, ila leba nako mama anaweza kufia mikononi mwako, kwa hiyo hama kwa kupumzika, usihame kwa kudhani hutakutana nacho. Ila kuna mambo yakikutokea usiishie kunisoma mimi, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Kama ule mshtuko umepita mwezi na unazidi, kama yule mzee anakujia usingizini au unamuona mchana kweupe, kama hulali, kama umeanza kutegemea pombe ili ulale, kama unakosea dawa kazini kwa kuwa akili haipo, kama una msiba wako wa nyumbani hujauzika vizuri moyoni, nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali kubwa za hapa Mwanza zipo nazo, na huendi pale kama kichaa, unaenda kama mgonjwa yeyote. Na ukianza kufikiria kwamba bora nawe usiwepo, hiyo ni ya leo leo, mwambie mtu aliye karibu nawe akusindikize.

Limebaki la kijana wa marehemu. Nimelifikiria sana, maana kuna hatari ya kwenda kumtwisha yeye mzigo wako ili wewe upate nafuu. Lakini baba yake alimtaja yeye, na hayo maneno ni mali yake, hukai nayo wewe. Ongea na in-chaji wako, mkuu wa wodi, kwanza, umweleze kama ulivyonieleza mimi, kama kuna ustawi wa jamii mhusishe. Alafu kijana akija kufuatilia makaratasi, au kwa simu iliyoko kwenye faili kama in-chaji ameridhia, mwombe mkae pembeni. Usijieleze sana. Mwambie: "Kaka, siku ile uliniuliza nikakwambia baba hakusema kitu. Nilikosea, naomba unisamehe. Usiku ule alikuulizia wewe, alitaka kujua kama umepanda meli." Alafu ukae naye, hata akinyamaza, hata akikasirika, usiondoke mpaka yeye aondoke.